Kebo za Sauti za Bei Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa muziki walioona kebo ya spika ikiuzwa kwa bei ya gari na wanataka kujua fedha hiyo inanunua nini. Tumeanza na suala la bei, kisha tukaingia kwenye vipimo, maana vipimo ndivyo vinavyoonyesha ni wapi waya unabadilisha sauti na ni wapi haubadilishi.

## Kwa nini watu wanatumia fedha nyingi hivi kwenye waya?

Hadi katikati ya miaka ya 1970 spika za nyumbani ziliungwa kwa waya wowote uliokuwa karibu, mara nyingi ule mwembamba wa taa ya mezani. Mwaka 1979 Noel Lee, mhandisi wa California, alianzisha Monster Cable na kuanza kuuza waya mnene wa shaba wenye jina na boksi lake. Hoja yake ya mwanzo ilikuwa sahihi: waya mwembamba ukiwa mrefu hula sauti. Baada yake likakua soko zima. Leo kampuni kama Nordost, AudioQuest, Kimber Kable na Cardas za Marekani, na Siltech na Van den Hul za Uholanzi, zinauza kebo za kila daraja, na zile za juu kabisa hufika makumi ya maelfu ya dola.

Kwa mwenye duka, faida ya kebo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya amplifaya. Amplifaya ina transfoma, bodi na kasha la chuma, na mteja anaweza kulinganisha bei yake duka hadi duka. Kebo ni nyepesi, haiharibiki njiani, na ni vigumu kuilinganisha na nyingine. Ndiyo maana ukishanunua spika, swali linalofuata ni, "Na waya je?"

Kwa mnunuzi mambo ni tofauti. Aliyelipa dola 10,000 kwa spika anaogopa kuwa na sehemu moja dhaifu itakayopoteza kila alicholipia. Wengine hufuata kanuni ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kebo. Kanuni hiyo haina msingi wa kiufundi: waya unaohitajika hutegemea urefu wake na impidansi ya spika (kiasi inachozuia umeme, kinachopimwa kwa omu), wala hautegemei bei ya spika. Zaidi ya hapo, kubadilisha kebo ni kazi ya dakika mbili, ilhali kurekebisha chumba kinachovuma besi ni kazi ya wiki nzima na huleta ugomvi nyumbani. Kiu ya kupata sauti bora inaelekea kule kulikorahisi. Inaweza kufika mbali: mwaka 2016 gazeti la The Wall Street Journal liliandika habari za wapenzi wa sauti nchini Japani waliojiwekea nguzo zao za umeme ili vyombo vyao vipate umeme wasiochangia na majirani.

Na kuna uzuri wa kitu chenyewe. Kebo iliyosukwa kwa mkono, yenye plagi nzito zilizolehemiwa vizuri, inapendeza kuimiliki. Anayeinunua kwa sababu hiyo hajadanganywa na mtu.

## Basi kebo inabadilisha sauti au haibadilishi?

Inaweza kubadilisha, kwa njia zinazojulikana na zinazopimika. Waya una ukinzani, unaopunguza nguvu inayofika. Una kapasitansi, inayoweza kumeza sauti nyembamba chanzo kikiwa dhaifu. Una indaktansi, inayozuia sauti nyembamba mkondo ukiwa mkubwa. Una kinga dhidi ya kelele za nje, na una viungo viwili, kimoja kila ncha. Ukishajua hali hizo tano kwa kebo fulani na vyombo vinavyoungwa nayo, unaweza kukokotoa itafanya nini kabla ya kuisikia. Kebo mbili zenye vipimo vinavyokaribiana zitatoa sauti ileile hata kama moja inauzwa mara mia ya nyingine.

## Waya wa spika uwe mnene kiasi gani?

Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya impidansi ya spika. Kwa spika ya omu 8 ni omu 0.4, kwa spika ya omu 4 ni omu 0.2. Kwenye mpaka huo unapoteza takriban desibeli 0.4, kiasi ambacho ni vigumu kukisikia.

Kwa waya laini wa shaba halisi, urefu wa juu kwa spika ya omu 8 ni takriban hivi: milimita za mraba 0.75 (kuanzia hapa tunasema "milimita" tu), mita 7; milimita 1.5, mita 15; milimita 2.5, mita 25; milimita 4, mita 40. Kwa spika za omu 4 gawa kwa mbili. Urefu huu ni wa waya wenyewe unavyopita ukutani na nyuma ya kabati, si umbali wa macho kutoka amplifaya hadi spika. Sebuleni, waya wa milimita 2.5 unatosha karibu kila mara, na huo unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme.

Ukivunja kanuni hii, shida kubwa haitakuwa kupungua kwa sauti tu. Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kwenye masafa yote, yaani kasi zote za mtetemo kuanzia besi hadi sauti nyembamba. Mahali fulani hushuka hadi 4, mahali pengine hupanda hadi 20 au zaidi. Chukua waya wa kengele wa milimita 0.5 wenye urefu wa mita 12: ukinzani wake wa kwenda na kurudi ni karibu omu 1. Pale spika iliposhuka hadi omu 4 unapoteza desibeli 1.9, pale ilipopanda hadi omu 20 unapoteza desibeli 0.4. Tofauti ya desibeli 1.5 kati ya sauti moja na nyingine inasikika wazi, na muziki unabadilika rangi. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye waya mwembamba akanunua kebo ya dola 500 na kusema besi imekaa sawa, amesema kweli. Ila waya wa milimita 2.5 ungempa matokeo yaleyale.

## Waya ni wa ukumbi au kanisa, mita 40. Nifanyeje?

Usitafute kebo ya kifahari, badilisha mfumo. Waya wa milimita 1.5 kwa mita 40 una ukinzani wa omu 1 na kidogo. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba, mzigo unakuwa omu 4, na moja ya tano ya nguvu ya amplifaya inaishia kupasha waya joto. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kusogeza amplifaya karibu na spika na kupeleka mawimbi kwa kebo ya XLR (ile ya pini tatu ya maikrofoni), ambayo inaweza kwenda makumi ya mita bila tabu. Ya pili, kwa spika nyingi za matangazo na mahubiri, ni mfumo wa volti 100 wenye transfoma kwenye kila spika. Wati 100 kwa volti 100 ni ampea 1 tu, na waya uleule wa mita 40 utapoteza takriban asilimia 1.

## Je, kuna vyombo vinavyochagua waya kweli?

Vipo, na hapa inafaa kuwa makini.

Spika za umemetuli, zile za paneli nyembamba badala ya koni, zina impidansi inayoshuka kadiri masafa yanavyopanda. Baadhi hufika omu 1 au chini ya hapo kwenye hezi 20,000 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Waya wa kawaida wa nyuzi mbili una indaktansi ya takriban maikrohenri 0.6 kwa mita. Mita 10 ni maikrohenri 6, ambazo kwa hezi 20,000 huzuia mkondo kama omu 0.75 hivi. Kwa spika ya omu 8 hilo halina maana yoyote, ila kwa spika ya omu 1 unapoteza desibeli 2 kwenye sauti za juu kabisa. Dawa ni kufupisha waya, au kutumia kebo yenye nyuzi nne zilizosokotwa pamoja kama Canare 4S11.

Amplifaya nazo zina yake. Naim ya Salisbury, Uingereza, kwa miaka mingi ilitengeneza amplifaya zisizo na koili ndogo ya kutokea, ile inayoituliza amplifaya, ikategemea waya wa spika kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana iliwaagiza wateja watumie angalau mita 3.5 za waya wake. Kinyume chake, kebo bapa au zilizosukwa kwa nyuzi nyingi sana huwa na kapasitansi kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Polk Audio iliuza kebo ya namna hiyo iitwayo Cobra, na baadhi ya amplifaya zilizoungwa nayo ziliingia kwenye mtetemo wa masafa ya juu usiosikika, zikapata moto na nyingine zikaungua. Ukiwa na kebo bapa, weka kwenye ncha ya spika resista ya omu 10 mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 0.1, kati ya chanya na hasi. Kama amplifaya yako inapata joto kali bila muziki kuchezwa tangu ubadilishe kebo, izime na rudisha waya wa zamani.

## Shaba safi ya asilimia 99.99, fedha, mshale wa mwelekeo, kuzoesha kebo kwa saa 200: ni kweli?

Shaba ya kawaida ya umeme ina usafi wa asilimia 99.9. Shaba isiyo na oksijeni inapitisha umeme kwa karibu asilimia 1 tu zaidi. Fedha inaizidi shaba kwa takriban asilimia 6. Tofauti hizo unazipata kwa kuongeza unene wa waya kidogo sana.

Mshale una maana kwenye aina moja: kebo ya RCA (ile ya plagi za duara ya kuunga CD na amplifaya) yenye nyuzi mbili ndani na wavu wa kinga ulioungwa ncha moja tu. Hapo mshale huonyesha upande wa chombo cha kupokea, na wavu umeungwa upande wa chanzo. Kwenye waya wa spika hauna kazi, kwa sababu mkondo wa muziki huenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde.

Kuzoesha kebo hakubadilishi kipimo chochote cha shaba. Kinachozoea ni sikio. Muda mrefu wa kuzoesha pia una faida kwa muuzaji, kwani siku za kurudisha bidhaa huwa zimekwisha.

## Nitajuaje kama waya ninaouziwa ni shaba kweli?

Hili kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni kubwa kuliko maswali yote ya kebo za kifahari. Kariakoo, Luthuli Avenue na masoko mengine yamejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa macho ni shaba, lakini ukinzani wake ni karibu mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo waya wa milimita 2.5 wa aina hii unafanya kazi kama wa milimita 1.5. Tena hukatika kirahisi ukikunjwa mara kadhaa, na kwenye skrubu hulegea kwa sababu alumini ni laini na hushika kutu nyeupe isiyopitisha umeme.

Kabla ya kulipa, omba ukate ncha na fanya hivi:

1. Chukua uzi mmoja na uukwangue kwa wembe. Ukianza mwekundu ukawa mweupe, ni alumini. Ukianza mweupe ukawa mwekundu, ni shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nzuri na hasa inafaa pwani.
2. Weka uzi mmoja mwembamba kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, hivyo uzi hulegea na kukatika upesi. Shaba huhitaji nyuzi 1,085. Itang'aa na kuwa nyeusi tu.
3. Pima uzito wa bunda zima. Alumini ina chini ya theluthi moja ya uzito wa shaba, na bunda la mita 100 lililo jepesi mno linajieleza.
4. Angalia unene wa shaba yenyewe, usiangalie plastiki. Waya unaoonekana kama kidole unaweza kuwa na shaba ya milimita 1 katikati ya plastiki nene.

Herufi CCA kwenye boksi maana yake ni alumini iliyopakwa shaba. Mara nyingi huandikwa pembeni kwa maandishi madogo.

## Kebo za RCA nazo zina tofauti?

Kati ya CD au simu na amplifaya, kwa mita 1 hadi 3, tofauti pekee inayofaa kulipiwa ni kinga na uimara wa plagi. Simu iliyo karibu ikituma mawimbi ya mtandao wa zamani wa 2G, kebo yenye kinga hafifu itakupa ule mlio wa "tzi tzi tzi". Kebo yenye wavu uliosukwa kwa wingi haileti hiyo shida. Kampuni ya Blue Jeans Cable ya Marekani inauza kebo aina ya LC-1 yenye wavu maradufu na kapasitansi ya pikofaradi 40 kwa mita. Kebo nyingi za kawaida zina kama 100. Bei yake ni ya makumi ya dola, na kiufundi hatuoni kitu kinachokosekana ndani yake.

Mahali ambapo kapasitansi ina nguvu kweli ni kwenye mashine ya santuri. Katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya sumaku inayotembea ina koili yenye indaktansi kubwa, mara nyingi karibu nusu henri. Koili hiyo pamoja na kapasitansi ya kebo na ya tundu la Phono la amplifaya hufanya mwangwi wa umeme, yaani masafa fulani hukuzwa kuliko mengine. Tukichukua nusu henri na pikofaradi 250, mwangwi unakaa kwenye hezi 14,200. Ongeza kebo ya mita 2 yenye pikofaradi 100 kwa mita, jumla inakuwa 450, na mwangwi unashuka hadi hezi 10,600. Hapo matoazi yanaanza kukwaruza, na sauti zilizo juu yake zinaporomoka. Kipimo kinachotakiwa kimo kwenye karatasi ya katriji. Audio-Technica, kwa mfano, hutaja pikofaradi 100 hadi 200 kwa katriji zake nyingi. Jumlisha waya wa ndani ya mkono wa mashine, kebo, na tundu la amplifaya. Ukizidi, tumia kebo fupi au ya kapasitansi ndogo.

Gita la umeme lisilo na betri lina tabia hiyohiyo. Kebo ya mita 6 huteremsha mwangwi wa pikapu (koili inayonasa mtetemo wa nyuzi za gita) hadi hezi 3,000 au 4,000. Baadhi ya wapiga solo wanaipenda sauti hiyo na hawataki kebo fupi.

## Vyombo vyangu vinavuma "mmmm". Nikinunua kebo bora itaisha?

Mara nyingi haitaisha, na fedha nyingi hupotea hapa. Mvumo mzito wa hezi 50 unaoendelea hata ukipunguza sauti kwa kawaida ni duara la ethi: vyombo viwili vimeungwa ardhini kwa njia mbili tofauti, na mkondo mdogo unazunguka kwenye wavu wa kebo. Kelele ya "zzzz" kali zaidi mara nyingi hutoka kwenye chaja za laptopu, taa za LED au swichi za kupunguzia mwanga.

Tafuta kwa mpangilio huu. Chomoa kebo zote za chanzo nyuma ya amplifaya. Kama mvumo unabaki, tatizo ni la amplifaya yenyewe. Rudisha chanzo kimoja kimoja hadi uvume tena. Chomoa waya wa antena au dishi nyuma ya king'amuzi. Kwa wenye sabufa iliyoungwa na televisheni, huyo ndiye mhusika wa mara kwa mara, kwa kuwa dishi lina ardhi yake huko nje. Kama chanzo ni laptopu, iendeshe kwa betri: mvumo ukikatika, ni chaja. Kisha chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni moja yenye ethi.

Ukibaki na mvumo, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya RCA, au tumia kebo ya mwanga ya TOSLINK kutoka kwenye televisheni, kwa sababu mwanga haubebi umeme wowote. Usikate pini ya ethi hata siku moja. Mvumo utaisha, lakini hitilafu ndogo ndani ya amplifaya itageuza kasha lake kuwa na volti 230, na atakayeligusa hataonywa na kitu.

Kebo za XLR huondoa kelele kwa njia nyingine: mawimbi hupita kwenye pini ya 2 na ya 3 kwa kinyume, na kinachoingia sawasawa kwenye nyuzi zote mbili hufutwa upande wa pili. Chombo chako kikiwa na XLR za kweli pande zote, zitumie.

## Kebo ya umeme ya bei kubwa je?

Umeme umesafiri kilomita nyingi kutoka kituoni, ukapita kwenye transfoma ya mtaa na makumi ya mita za waya wa kawaida ndani ya ukuta. Mita 1.5 za mwisho haziwezi kurekebisha chochote kilichotokea njiani. Tunapoishi, adui ni umeme kushuka hadi volti 170, kupanda ghafla na kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Fedha ya kebo hiyo ipeleke kwenye stabilaiza yenye uwezo unaozidi matumizi ya vyombo, na kwenye kinga inayochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi. Kwa kebo yenyewe hakikisha plagi ina fyuzi sahihi na waya hauna joto ukiushika.

## HDMI, USB na kebo za intaneti?

Data ikifika, imefika. Kebo mbaya ya HDMI huleta vidoti vinavyometameta, kioo kuzima kwa sekunde moja au sauti kukatika. Haifanyi picha ififie kidogo wala muziki upoteze utamu. Kwa 8K nunua yenye lebo ya Ultra High Speed na msimbo wa kuskani. Kwa shaba usizidi mita 3 hivi. USB ya kawaida mwisho wake ni mita 5, na kebo ya Ethernet mita 100. Kelele inayopita USB kutoka kompyuta ipo, ila hiyo ni habari ya ethi tuliyokwisha kuieleza.

## Nataka kutengeneza kebo zangu mwenyewe. Nianzie wapi?

Waya wa spika ndio rahisi. Kata vipande viwili vya urefu sawa. Menya milimita 10 hadi 12, usikate uzi hata mmoja, kisha sokota nyuzi kwa nguvu. Usizipake risasi ya kulehemu kama zitabanwa na skrubu: risasi ni laini, hutambaa chini ya mgandamizo, na baada ya miezi kadhaa kiungo kinalegea. Tumia plagi za banana za milimita 4, au nyuzi zenyewe. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa upande wa pili unaweza kuua amplifaya, kwa hiyo angalia kwa tochi kabla ya kuwasha. Kisha hakikisha chanya na hasi havijapishana: betri ya volti 1.5 ikiguswa kwenye ncha ya waya ya upande wa amplifaya, ikiwa imechomolewa, chanya kwa chanya, koni kubwa ya spika itoke nje. Fanya hivi kwa spika zote mbili. Moja ikiwa kinyume, besi inapotea katikati ya chumba na mwimbaji hajulikani amesimama wapi.

Kwa RCA unahitaji pasi ya kulehemu ya wati 40 kwenye nyuzi joto 330 hadi 350, na risasi ya 60/40. Ingiza kofia ya plagi kwenye waya kwanza, maana ukisahau utaanza upya. Lehemu uzi wa katikati ndani ya pini kwa sekunde mbili au tatu; ukizidisha, plastiki ya ndani inayeyuka na wavu unagusa katikati. Kisha lehemu wavu, bana mkia wa plagi juu ya ganda la waya ili mvuto usifike kwenye lehemu. Mwisho pima kwa multimita: katikati kwa katikati isizidi omu 1, na katikati kwa wavu kusiwe na mawasiliano kabisa.

Wanaoishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam waongeze kazi moja: kila miezi sita wachomoe plagi zote, wazifute kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kukata sentimita 2 za ncha za shaba zilizogeuka kijani. Chumvi ya bahari haichagui bei. Dhahabu kwenye plagi inasaidia hapa, kwani haishiki kutu.

## Lakini mimi nasikia tofauti. Mnasema nadanganyika?

Tofauti unayoisikia inaweza kuwa ya kweli na isitoke kwenye kebo. Kuchomoa na kuchomeka plagi kunakwangua kutu kwenye viungo. Kichwa kikisogea sentimita 10 mbele ya spika, sauti za juu zinabadilika kwa kiasi kinachopimika. Sauti iliyoongezeka kwa sehemu ndogo ya desibeli husikika kama "bora", si kama "kubwa". Na kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo hudumu sekunde chache tu, wakati kubadilisha kebo kunachukua dakika nzima. Kujua bei nako kuna uzito wake, hata kwa msikilizaji mwaminifu.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeitambua kebo ya Pear Anjou, iliyouzwa dola 7,250, dhidi ya kebo ya kawaida bila kuona. Jaribio halikufanyika, kwa hiyo halithibitishi upande wowote. Wewe unaweza kulifanya nyumbani.

Mpe msaidizi kazi ya kubadilisha kebo nyuma ya pazia. Sawazisha sauti kwanza: cheza mlio wa hezi 250, pima volti kwenye vituo vya spika kwa kila kebo, tofauti isizidi asilimia 1. Msaidizi arushe sarafu kila raundi, aandike matokeo, azime amplifaya, achomoe na kuchomeka kebo hata pale ambapo sarafu imesema ibaki ileile, na asitoe neno. Tumia kipande kilekile cha sekunde 15 unachokifahamu. Fanya raundi 16, kila mara ukitaja ni kebo ipi, pumzika ukichoka. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa mtu anayebahatisha tu kufika hapo ni chini ya asilimia 4.

## Nimepatia 14. Sasa?

Rudia siku nyingine. Ukipatia tena, chukua multimita na upime ukinzani wa kebo zote mbili, angalia plagi zilizolegea, na kama ni za RCA pima kapasitansi yake. Karibu kila mara mojawapo itaonyesha kasoro: alumini, lehemu baridi (isiyoshika vizuri), wavu uliokatika au waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Hapo utajua cha kutengeneza.